Mali Bila Daftari: Dhahabu ya Kongo na Maafa ya West Nile



Viko vitu viwili ambavyo askari huishi navyo tangu siku anapokula kiapo mpaka siku anapokabidhi sare yake. Cha kwanza ni siri, na cha pili ni uvumi. Siri ni amana ya kazi. Asiyeweza kuitunza hafai kupewa lindo la usiku, seuze ufunguo wa ghala la silaha. Uvumi ni adui wa kazi. Humfikia askari kabla ya amri, humfikia akiwa amechoka, na mara nyingi humfikia kwa sauti ya rafiki. Wengi hudhani kwamba penye siri nyingi uvumi hauna nafasi. Historia ya Uganda yafundisha kinyume chake. Siri isiyokuwa na hesabu ndiyo mama wa uvumi, na uvumi ukishakomaa hushika bunduki.

Leo tutalitazama jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni mfano wa West Nile, miji ya Arua na Koboko, kuanzia mwaka 1964 mpaka mwaka 1981. Katika mfano huo wamo wakuu wa jeshi, wamo wakuu wa upelelezi, imo dhahabu na pembe za ndovu, na imo damu ya watu ambao hawakuiona dhahabu hiyo hata punje.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Koboko uko kaskazini ya Arua, mwendo wa kilomita zipatazo 55, mahali ambapo mipaka ya nchi tatu hukutana: Uganda, Kongo na ile iliyokuwa Sudani, ambayo upande huo sasa ni Sudani ya Kusini. Eneo hili limepita katika mikono mingi. Lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiitwa Lado; mwaka 1910 likarudi Sudani; na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Mipaka ilihama, lakini watu walibaki mahali pao. Mkakwa wa Koboko ana ndugu zake Yei, na ana wengine upande wa Kongo. Mlugbara wa Arua ana wajomba zake ng'ambo, katika mji wa Aru. Kwa hiyo si ajabu kuwa kila siku iendayo kwa Mungu watu huvuka wakiwa na mihogo, mbuzi, nguo na chumvi, na wala hawajioni kuwa wamekwenda nchi ya kigeni. Mpaka wa namna hiyo wafaa sana kwa ujirani. Wafaa vilevile kwa mtu mwenye mzigo asiotaka uonekane.

Mwaka 1964 vita vya Kongo viliusogelea mpaka huo. Wapiganaji waliojiita Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo huitwa Kisangani. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa pale kwa ndege za Marekani, na wapiganaji wakasukumwa kuelekea mashariki na kaskazini-mashariki, yaani kuelekea West Nile. Viongozi wengi wa Afrika walimwona Moise Tshombe, Waziri Mkuu wa Kongo wakati ule, kuwa ni kibaraka, na hawakuwa wamemsamehe kifo cha Patrice Lumumba. Januari 1965 viongozi wa Uganda, Kenya na Tanzania walikutana mjini Mbale pamoja na Christophe Gbenye, kiongozi wa wapiganaji hao. Februari ndege za serikali ya Kongo zilizitupia mabomu Paidha na Goli, vijiji vya West Nile. Machi askari wa kukodiwa waliiteka miji ya Kongo iliyo karibu na mpaka. Mwezi Mei polisi wa Kenya walikamata malori 11 yaliyobeba tani zipatazo 75 za silaha za Kichina, zikipitishwa kutoka Tanzania kwenda Uganda bila ya Kenya kuarifiwa. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa: kazi kubwa ilikuwa ikitendeka, na ilikuwa ikitendeka gizani.

Mtu aliyekabidhiwa sehemu ya kazi hiyo upande wa West Nile alikuwa Kanali Idi Amin, naibu wa mkuu wa jeshi. Kwa cheo hakuwa mkuu wa upelelezi. Lakini kazi aliyopewa ilikuwa ya upelelezi kwa kila hali: kukutana na wapiganaji wa nchi nyingine, kupokea mizigo yao, kuwatafutia mahitaji, na kutosema. Ukoo wake ni wa Wakakwa, Kiswahili alikijua, na mpakani hakuwa mgeni. Kwa kuitazama kazi peke yake, mtu aweza kusema kwamba uchaguzi ulifaa. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Wapiganaji wa Kongo hawakuwa na hazina wala noti zenye thamani. Walikuwa karibu na machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto, na walikuwa na mapori yenye ndovu. Mali ya namna hiyo ikivuka mpaka usiku, mikononi mwa watu walioamriwa wasiseme, swali la kwanza ambalo askari yeyote wa bohari angeliuliza ni hili: nani ameiandika?

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema hayo kwa mfanyabiashara wa dukani, lakini yanamhusu pia kanali.

Tarehe 4 Februari 1966, Waziri Mkuu Milton Obote akiwa safarini kaskazini, mbunge wa Mityana, Daudi Ocheng, alisimama Bungeni. Ocheng alikuwa Mwacholi kwa kuzaliwa, na alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha Kabaka Yekka. Alikuwa na nakala ya hesabu ya benki ya Kanali Amin katika Ottoman Bank. Alisema kwamba katika muda wa majuma machache tu mwanzoni mwa mwaka 1965 ziliingia humo shilingi zipatazo 340,000, fedha ambazo mshahara wa kanali haungeweza kuzifikia. Aliwataja pia Waziri Mkuu mwenyewe, Waziri wa Ulinzi Felix Onama, ambaye naye alitoka upande huohuo wa West Nile na Madi, na Waziri Adoko Nekyon, kwamba walishiriki mali hiyo. Akaomba Kanali Amin asimamishwe kazi mpaka polisi wamalize uchunguzi. Bunge lilikubali. Mbunge mmoja tu, John Kakonge, ndiye aliyepinga.

Ndugu askari, lipimeni ombi lile kwa kipimo cha kazi yenu. Je, lilikuwa ombi kubwa mno? Koplo wa bohari akikutwa na upungufu wa mablanketi 20, hukabidhi funguo, hukaa kando, na hesabu hukaguliwa. Kama ni mkweli, hurudi kazini na jina lake limesafika. Kama si mkweli, sheria humshika. Maelezo yaliyotolewa baadaye kwa upande wa Amin yalikuwa kwamba fedha zile zilikuwa za wapiganaji wa Kongo, naye alikuwa akiwanunulia mahitaji. Yamkini ndivyo ilivyokuwa. Lakini kama ndivyo, zilihitajika karatasi tatu tu: hati ya aliyezitoa, hati ya aliyezipokea, na stakabadhi za vitu vilivyonunuliwa. Ofisa mmoja wa polisi mwenye kujua hesabu angelifanya kazi hiyo, na nchi ingelilala usingizi.

Karatasi hizo hazikuwekwa mezani mapema. Na pale ambapo karatasi hazipo, hadithi huja kukaa kitini. Upande mmoja ukasema: hii ni njama ya kuipindua serikali, na dhahabu ni kisingizio. Upande wa pili ukasema: hii ni njama ya Waziri Mkuu ya kuivunja Katiba, na dhahabu ndiyo itakayowalipa askari wake. Kila upande ulipata jambo la kuushika mkono. Rais, Kabaka Mutesa wa Pili, alikiri kwamba aliwaendea wageni kutafuta msaada wa kijeshi kwa tahadhari. Upande wa serikali ukasema, mwaona? Waziri Mkuu naye aliwakamata mawaziri watano katika mkutano wa Baraza la Mawaziri huko Entebbe tarehe 22 Februari, nao ni Grace Ibingira, Balaki Kirya, Mathias Ngobi, George Magezi na Dokta Emmanuel Lumu. Upande wa pili ukasema, mwaona? Tarehe 24 Februari Katiba ilisimamishwa. Aliyeombewa kusimamishwa kazi hakusimamishwa. Alipandishwa, akakabidhiwa uongozi wa jeshi mahali pa Brigedia Shaban Opolot. Tarehe 24 Mei jeshi hilo liliishambulia Ikulu ya Kabaka huko Mengo, na Kabaka akakimbilia ng'ambo.

Tujiulize: katika muda wa miezi minne, swali la shilingi 340,000 lilikwenda wapi? Lilimezwa. Lilikuwa swali la hesabu, likageuzwa kuwa swali la nani ni msaliti. Na swali la hesabu lina jibu, ilhali swali la nani ni msaliti halina mwisho, kwa maana kila anayeulizwa humwonyesha jirani yake kidole.

Ni kweli kwamba tume iliundwa. Iliongozwa na Jaji Clement de Lestang wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, pamoja na Jaji Henry Miller kutoka Kenya na Jaji Augustine Saidi kutoka Tanzania. Walikuwa majaji wa kuheshimika, walisikiliza mashahidi, na hawakuwatia hatiani walioshtakiwa na Ocheng. Lakini taarifa yao haikuchapishwa kwa wananchi mpaka mwaka 1971. Ocheng mwenyewe alikwisha fariki dunia kwa maradhi mwezi Juni 1966. Hukumu iliyofichwa miaka mitano haimsafishi mtu. Watu walikuwa wamekwisha toa hukumu yao sokoni, kila kabila kwa lugha yake, na hukumu ya sokoni haina rufani.

Katika miaka hiyo ilikua idara iliyoitwa General Service Unit, idara ya upelelezi wa kisiasa, chini ya Akena Adoko, mwanasheria na jamaa yake Obote. Hapana ubaya wowote nchi kuwa na idara ya upelelezi; nchi isiyo na masikio hushtukizwa. Ubaya ni pale masikio yanapokuwa ya mtu mmoja. Idara hiyo ilihesabiwa na watu wengi kuwa mkono wa Rais dhidi ya wapinzani wake, na askari wa jeshi waliiona kuwa inawapeleleza wao. Adoko mwenyewe aliandika kitabu juu ya mambo ya 1966, na akakiandika kwa mtindo wa mashairi. Hatumkatazi mtu yeyote ushairi. Lakini mkuu wa upelelezi ana kazi ya kuandika tofauti na hiyo: tarehe, saa, mahali, jina la shahidi, na sahihi. Nchi ilihitaji daftari, ikapewa utenzi.

Tarehe 25 Januari 1970, Brigedia Pierino Okoya, mmoja wa wakuu wa jeshi, aliuawa pamoja na mkewe karibu na Gulu. Uvumi ulimtaja Amin, na uchunguzi ukawa unaendelea. Mwishoni mwa mwaka huo ukaguzi wa hesabu ulikuta kasoro katika matumizi ya fedha za jeshi. Kabla ya kusafiri kwenda Singapore katika Mkutano wa Jumuiya ya Madola, Obote alitaka maelezo juu ya mambo yote mawili. Tarehe 25 Januari 1971, mwaka mmoja kamili baada ya kifo cha Okoya, Amin alitwaa serikali. Aliyetakiwa kueleza hesabu ya benki mwaka 1966 alitakiwa tena kueleza hesabu ya jeshi, na mara ya pili akaichukua nchi nzima ili asiulizwe. Na ajabu ya mambo ni kwamba ni yeye aliyewafungua wale mawaziri watano. Mshukiwa wa dhahabu akawa mkombozi wa waliozuiliwa kwa ajili ya dhahabu.

Idara ya Adoko ilivunjwa, na watu wake wengi walikamatwa au kuuawa. Mahali pake pakaja State Research Bureau, makao yake Nakasero, mjini Kampala. Wazee katika majeshi wanayakumbuka magari yake yenye namba za UVS, na miwani myeusi, na watu waliotiwa katika buti ya gari mchana kweupe. Hapo ndipo siri isiyokuwa na hesabu ilipofika ukingoni. Mahabusi aliingia Nakasero bila ya jina lake kuandikwa, na kwa kuwa hakuandikwa alipoingia, hakuna aliyelazimika kumwandika alipotoka, wala kueleza kwa nini hakutoka. Mwaka 1974 Amin mwenyewe, kwa kelele za dunia, aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume hiyo ilizichambua habari za watu 308 waliopotea, na ikaona kwamba lawama kubwa ni ya State Research Bureau na kile kikosi cha polisi kilichoitwa Public Safety Unit. Walioonywa hawakuonyeka.

Hapa tuombe wasikilizaji watege masikio vizuri, kwa maana hapa ndipo uvumi ulipoanza kutafuta kabila. Kwa kuwa wakubwa wengi wa utawala ule walitoka West Nile, au waliitwa Wanubi, au walitoka Sudani na Zaire, ilianza kusemwa kwamba State Research ni ya West Nile, na kwamba kila mtu wa West Nile ni State Research. Wanaosema hivyo wasahau mambo mawili. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Alifukuzwa kazi Februari 1974, akakamatwa na watu wa utawala uleule, na maiti yake ikaokotwa katika Mto Nile. Brigedia Charles Arube, Mkakwa, Mkuu wa Utumishi wa Jeshi, aliongoza jaribio la kumwondoa Amin mwezi Machi mwaka huohuo, naye akafa katika jaribio hilo. Maskini wa Arua na Koboko hawakugawiwa dhahabu ya 1965, na hawakuachwa salama na Nakasero ya 1974.

Tumtaje pia mtu mmoja ambaye si wa West Nile wala si Mwafrika kwa asili. Bob Astles, Mwingereza, aliyekuwa askari wa kwao, alimtumikia Obote, kisha akafungwa na Amin huko Makindye mwishoni mwa mwaka 1971, kisha akawa mshauri wa Amin na mkuu wa kikosi cha kupambana na rushwa na magendo. Wengine walisema ni jasusi wa Amin. Wengine walisema ni jasusi wa Uingereza. Wengine walisema ni vyote viwili. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979 alikimbilia Kenya, akarudishwa, akashtakiwa kwa mauaji. Mwaka 1981 mahakama ilimwachia huru, kwa kuwa ushahidi haukutosha kumtia hatiani, ingawa aliendelea kuzuiliwa mpaka mwaka 1985. Alifariki dunia kwao mwaka 2012. Hatusemi kwamba mtu huyo alikuwa malaika. Twasema hivi: mtu aliyechukiwa kuliko karibu wote katika serikali ile alipewa kizimba, wakili, na jaji. Mtu wa Ombaci hakupewa.

Ombaci ni misheni ya Kikatoliki karibu na mji wa Arua. Ili kuelewa yaliyotukia huko, turudi nyuma kidogo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda walifika Arua na Koboko mwishoni mwa vita, na kufikia Juni 1979 walikuwa mpakani mwa Sudani. Watu wengi walikuwa wamekwisha kimbia, wakitazamia kisasi. Kisasi hicho, kwa ukubwa waliouogopa, wakati ule hakikutokea. Nidhamu ilikuwapo. Lakini mwaka 1980 Watanzania waliondoka katika eneo hilo, na mwezi Oktoba waliokuwa askari wa Amin waliingia kutoka Zaire na Sudani, wakaishambulia Koboko na Arua. Jeshi la Uganda la wakati ule, UNLA, liliporudi, halikutofautisha mwenye bunduki na mwenye jembe. Mamia ya maelfu ya watu wakavuka mipaka. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, wanawake, watoto na wazee, walishambuliwa humo kwa risasi na mabomu na askari waliovaa sare ya serikali. Walikufa makumi kwa makumi.

Askari yule aliyefyatua risasi Ombaci alikuwa ameshiba methali mbili. Ya kwanza ni lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya pili ni samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali ni hekima ya wazee, lakini si amri ya jeshi, wala si hati ya mashtaka. Lisemwalo laweza kuwapo, na laweza kuwa limetungwa na mtu mwenye shamba analolitamani. Na watu si samaki wa tenga moja. Sheria humtazama mmoja mmoja: jina lake, tendo lake, shahidi wake. Askari anayeliadhibu kabila kwa tendo la mtu mmoja amefanya kama walivyofanya Nakasero. Ametia watu katika buti ya gari bila kuwaandika.

Huenda msikilizaji mmoja akasema: maneno haya ni mazuri redioni, lakini kazi ya usalama haiwezi kufanywa hadharani. Adui naye ana masikio. Je, Uganda ya 1965 ingelitangaza kila gunia lililovuka Koboko?

Jibu letu ni kwamba daftari si tangazo. Kitabu cha ghala la silaha hakisomwi sokoni, na hata hivyo hapana mkuu wa kambi anayekubali ghala lisilokuwa na kitabu. Kitabu cha matukio cha kituo cha polisi hakibandikwi ukutani, lakini jina la mahabusi likikosekana humo, mkuu wa kituo hujibu. Kazi ya siri ina haki ya kufichwa kwa adui, na kwa wapita njia, na hata kwa askari asiyehusika. Haina haki ya kufichwa kwa sheria. Lazima awepo mtu wa pili mwenye kutia sahihi, na mkaguzi mwenye ufunguo, na jaji ambaye siku moja aweza kusema: nileteeni kitabu. Mwaka 1966 kama kitabu hicho kingekuwapo, kingeweza kumwokoa Amin kama alikuwa mkweli, au kumwondoa kama alikuwa mwizi. Kukosekana kwake kuliwanufaisha wezi wote na kuwadhuru wakweli wote.

Kwa hiyo, ndugu askari na ndugu polisi, tuyatie mazungumzo haya katika kazi ya kila siku. Wewe uliye katika kizuizi cha Oraba au Vurra, ukikamata mzigo, uandike mbele ya mwenyewe, na yeye atie sahihi au alama ya kidole, na nakala aipate. Wewe uliye korokoroni, usipokee mtu bila jina, hata kama aliyemleta ana cheo kikubwa na haraka kubwa. Cheo chake ndicho kitakachofutika kwanza mambo yakiharibika, na jina lako ndilo litakalobaki. Wewe uliye askari kanzu, ukileta habari, tenga uliyoyaona kwa macho yako na uliyoyasikia kwa watu, na uliyoyasikia usiyapambe. Na wewe uliye mkuu wao, usimwulize mpelelezi wako, wasemaje watu wa kabila fulani? Mwulize, nani, lini, wapi, na nani mwingine alishuhudia?

West Nile yenyewe imekwisha tuonyesha kwamba watu waweza kutoka katika hesabu ya kisasi. Wakimbizi walirejea kidogo kidogo tangu katikati ya miaka ya 1980. Tarehe 24 Desemba 2002, huko Yumbe, serikali na kundi la mwisho kubwa la wapiganaji wa eneo hilo, chini ya Meja Jenerali Ali Bamuze, walitia sahihi mapatano ya amani, kwa karatasi na kwa majina. Koboko ikawa wilaya mwaka 2005, na Arua ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2020. Vita vilipowaka Sudani ya Kusini, ilikuwa zamu ya West Nile kuwapokea waliokimbia: kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, iliyofunguliwa mwaka 2016, ilipokea watu zaidi ya 200,000. Wengi wa waliowapa ardhi ni wale waliolala wenyewe chini ya miti ya Yei mwaka 1981. Hao hawakuuliza wageni wao ni wa kabila la nani aliyemuua nani. Waliandika majina yao, wakawaonyesha mahali pa kujenga.

Hivyo ndivyo kitabu kinavyoweza kuokoa watu. Katika kila lindo, kila kizuizi na kila kituo cha mpaka ule, kuna kalamu inayofungwa kwa kamba pembeni mwa meza. Askari wa zamu aishike kabla hajaishika bunduki.